Mauzo ya Miadi: Faida ni ya Nani, na Dhamana ni ya Nani?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharamisha riba. Sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), aliyefanya biashara kabla ya kupewa utume, akajulikana sokoni kwa uaminifu kabla hajajulikana kwa jina jingine, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Imepokewa kwamba Seyyidna Umar bin Khattab (r.a.) hakuridhia mtu auze katika soko la Madina illa awe ameifahamu dini. Maana yake si kwamba kila muuza tende awe mwanachuoni. Maana yake ni kwamba mtu asiyeujua mpaka wa halali na haramu katika kazi yake, huuvuka usiku na mchana wala hana khabari. Jambo hili lilimpasa muuza ngano wa zama zile, na leo lampasa zaidi mtu wa pwani, kwa kuwa soko sasa halina ukuta wala mlango. Kijana aliyeketi barazani Mombasa au Unguja aweza, kwa simu iliyo mkononi mwake, kununua mafuta ya Marekani asiyoyaona na kuuza dhahabu asiyokuwa nayo, na yote hayo yakatimia baina ya adhana na ikama.

Biashara hiyo huitwa fyucha, na katika kurasa hizi itaitwa mauzo ya miadi. Watu wamegawanyika juu yake makundi mawili. Kundi la kwanza huingia kwa pupa: mtu husoma siku tatu, akajifunza namna ya kutazama mistari ya bei inavyopanda na kushuka, akaona amekwisha kuwa tajiri. Kundi la pili hukataza kwa pupa: husema kwamba kila linalonunuliwa leo kwa ajili ya kesho ni kamari, na mazungumzo yakaishia hapo. Wa kwanza hakuuliza sharia, na wa pili hakuuliza biashara yenyewe. Wote wawili wamehukumu jambo wasilolijua, na elimu ya mambo haya huanza kwa kulijua jambo kama lilivyo.

ASILI YAKE

Mauzo ya miadi hayakuzuliwa na wacheza kamari. Huko Japani, katika mji wa Osaka, wauza mchele wa Dojima walikuwa wakiuziana mchele wa siku zijazo, na mwaka 1730 serikali ya nchi ile ikalikubali soko lao. Katika Marekani, wafanyi biashara wa nafaka walianzisha soko la Chicago mwaka 1848. Wakulima wa kando ya mji ule walikuwa wakivuna wakati mmoja na kuleta mahindi na ngano wakati mmoja. Bei ikashuka hata mtu hakupata nauli ya gari lake. Na miezi michache baadaye nafaka ikaadimika, bei ikapanda, na aliyeumia akawa ni mla mkate. Ndipo wakaanza kupatana mapema: mkulima atajua mwezi wa Machi bei atakayopewa mwezi wa Juni, na msaga unga atajua bei atakayotoa. Mwaka 1865 soko lile likaiweka mikataba hiyo katika sura moja, yenye kipimo kimoja, daraja moja ya nafaka, na mwezi uliotajwa.

Kufikia hapo hapana la kulaumu katika haja ile. Mkulima kutaka kujikinga na bei iangukayo ni jambo la akili, na sharia haikuja kumwacha mkulima aangamie. Kilichobaki ni kutazama namna haja hiyo inavyotimizwa.

JINSI IENDAVYO

Mkataba mmoja wa mahindi katika soko la Chicago ni wa bushel 5,000. Tuseme, kwa mfano wa kufahamisha tu, kwamba bei ya bushel moja ni dola 4. Basi mkataba wote ni wa dola 20,000. Mnunuzi hatoi dola 20,000. Hutoa dhamana kidogo tu, na tufanye kuwa ni dola 1,000. Muuzaji naye hatoi mahindi. Huweka dhamana mfano wa ile. Katikati yao husimama nyumba ya hesabu ya soko, ambayo kwa kila muuzaji yeye ndiye mnunuzi, na kwa kila mnunuzi yeye ndiye muuzaji, hata wawili wale hawajuani abadan.

Kila jioni bei hutazamwa. Ikishuka senti 20, mnunuzi amepoteza dola 1,000, yaani dhamana yake yote, ijapokuwa bei yenyewe imeshuka kwa sehemu moja tu katika ishirini. Ataambiwa alete dhamana nyingine, na asipoleta mkataba wake hufungwa na khasara humkalia. Ikishuka senti 40, amepoteza mara mbili ya alichokiweka, na kilichozidi huwa ni deni juu yake. Ikipanda, hupata kwa kipimo kile kile, na apatacho yeye ndicho apotezacho mwenziwe.

Jambo kubwa la kufahamu ni hili: walio wengi kabisa hawangoji mwezi wa miadi. Aliyenunua huuza kabla ya siku kufika, na aliyeuza hununua, kisha hupeana tofauti ya bei. Mahindi hayaendi popote. Gunia halifunguliwi, na hapana mtu aliyelitia mkono wake ndani. Aliyejifunza hili amejifunza mwanzo wa biashara hii. Na ndilo wanalolipita upesi wale wanaowafunza vijana kutazama mistari ya bei.

SALAM ILIYORUHUSIWA

Sasa na itazamwe sharia. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wake wakitanguliza thamani ya tende kwa mwaka na miaka miwili kabla ya kuvunwa. Hakuwakataza. Aliwaamrisha tu kwamba atangulizaye fedha, atangulize kwa kipimo kinachojulikana, na uzani unaojulikana, na muda unaojulikana. Hii ndiyo bai ya salam, nayo imethibiti katika hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim. Kwa hiyo asemaye kwamba kila mauzo ya kitu cha kesho ni haramu, amekataza alichokiruhusu Mtume.

Lakini na yatazamwe masharti yake. Fedha yote hutolewa pale pale katika kikao cha mkataba, na madhihabu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wayafuatayo wengi wa watu wa pwani, yamelikaza sharti hilo sana. Mali huwa ni deni la sifa juu ya muuzaji, wala si zao la shamba fulani lililotajwa, kwa kuwa shamba lile laweza kupatwa na ukame. Na mnunuzi hana ruhusa ya kuiuza mali ile kabla hajaipokea. Katika masharti haya mkulima hupata fedha wakati ambapo mkono wake ni mtupu, akanunua mbegu na akalisha watoto. Na mnunuzi hungojea mali, akaipokea, akaisafirisha, akaiuza. Kila mmoja amefanya kazi, na kila mmoja amebeba sehemu yake ya khatari.

Katika mauzo ya miadi ya leo, fedha imecheleweshwa na mali imecheleweshwa. Mkulima hapati cha kununulia mbegu. Kinyume chake, hutakiwa atoe dhamana, na bei ikipanda kabla ya mavuno hutakiwa aongeze dhamana kwa fedha asiyokuwa nayo. Hapa ndipo salam na fyucha zinapoachana, ijapokuwa kwa mbali zafanana kama ndugu wawili.

KUSHIKA KABLA YA KUUZA

Hakim bin Hizam (r.a.) alikuwa akijiwa na watu wakitaka kitu asichokuwa nacho, akauliza kama aweza kuwauzia kisha aende sokoni akakinunue. Mtume (s.a.w.) akamkataza kuuza asichokuwa nacho. Na Ibn Umar (r.a.) ameeleza kwamba watu waliokuwa wakinunua chakula kwa misafara walikatazwa kukiuza mahali pale pale waliponunulia, mpaka wakihamishe. Imamu Malik ameliweka katazo la kuuza kabla ya kushika katika chakula. Imamu Shafi ameliweka katika kila mali, kwa kufuata rai ya Ibn Abbas aliyeona kwamba vitu vyote ni mfano wa chakula.

Mtu mwenye haraka aweza kuuliza: kuna maana gani kuhamisha magunia kutoka kona moja ya soko mpaka kona nyingine? Je, si udhia mtupu? Jawabu liko katika msingi mwingine wa sharia, nao ni kwamba faida hufuata dhamana. Mwenye haki ya kula faida ya mali ni yule ambaye mali hiyo ikiungua, ikioza au ikizama, khasara ni yake. Aliyeyahamisha magunia ameyachukua kwa ghala lake, kwa panya wake na kwa mvua yake. Asiyeyagusa hakuchukua kitu, naye ataka kula mfano wa aliyechukua.

HATI ZA AL-JAR

Jambo hili si geni katika Uislamu. Katika siku ambazo Marwan bin al-Hakam alikuwa liwali wa Madina, watu walipewa hati za chakula kilichowekwa katika bandari ya al-Jar. Waliopewa hati waliziuza, na walionunua wakaziuza tena kabla ya kukishika chakula chenyewe. Hati ikawa yapita mkono hata mkono, na kila mkono ukiacha faida, na ngano imetulia ghalani. Zaid bin Thabit na sahaba mwingine (r.a.) wakamwendea Marwan wakamkemea kwamba amehalalisha riba, na Abu Huraira (r.a.) naye imepokewa kwamba alimkabili kwa jambo hilo hilo. Marwan akawatuma askari wake wakaziondoe hati zile mikononi mwa watu.

Msomaji na aitafakari khabari hii, kwani ndani yake mna jawabu la hoja kubwa ya leo. Wako wanavyuoni wa zama hizi walioyajuzisha mauzo ya miadi. Mmoja katika wao ni Mohammad Hashim Kamali, ambaye hoja yake ni kwamba katazo lilikuwa kwa khofu ya muuzaji kushindwa kuleta mali. Na maadamu leo nyumba ya hesabu ya soko huudhamini kila mkataba, khofu imeondoka, na katazo limeondoka pamoja nayo. Katika Malaysia pia, baraza la sharia la wasimamizi wa masoko limeyakubali mauzo ya miadi ya mafuta ya mawese. Hawa ni watu wa elimu, wala haifai kuwatukana.

Walakini hati za al-Jar hazikuwa na khofu hiyo. Chakula kilikuwako bandarini, na mwenye kudaiwa alikuwa ni serikali. Hapana aliyeogopa kwamba ngano haitatoka. Juu ya hayo masahaba walikataza. Basi sababu haikuwa ni khofu ya mali kutofika peke yake. Ilikuwa pia ni watu kula faida juu ya faida kwa kitu ambacho hapana mmoja wao aliyekichukua. Nyumba ya hesabu yaondoa khofu ya kwanza, na ile ya pili yaizidisha, kwa kuwa imewarahisishia watu maelfu kuuziana bila ya kuchukua. Baraza la Fikihi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilikutana mwaka 1992, likaamua kwamba mikataba ambayo fedha na mali vyote vimecheleweshwa, na ambayo huuzwa na kufungwa kabla ya kupokewa kitu, haijuzu. Na huu ndio uamuzi ulio karibu zaidi na hati za al-Jar.

SIKU MALI ILIPOGONGA MLANGO

Aonaye kwamba sharti la kushika ni jambo la vitabuni tu, na aikumbuke Jumatatu ya tarehe 20 Aprili 2020. Katika siku zile maradhi ya korona yalikuwa yamezisimamisha safari za dunia, na mafuta hayakuwa na mnunuzi. Mkataba wa mafuta ya Marekani wa mwezi wa Mei ulikuwa umebakiza siku moja kufikia mwisho wake, na aliyekuwa nao baada ya hapo alipasa kupokea mapipa 1,000 kwa kila mkataba, katika mji wa Cushing, Oklahoma. Waliokuwa wamenunua bei wala hawakununua mafuta, siku hiyo walitambua kwamba mafuta yanakuja. Hawakuwa na pipa wala tangi, na matangi ya Cushing yalikuwa karibu kujaa na yaliyobaki yamekwisha kukodiwa. Wakawaomba watu wawapokelee mzigo, na wakawalipa kwa kuupokea. Siku ilikwisha bei ikiwa ni dola 37.63 chini ya sifuri, yaani aliyeuza alimpa mnunuzi zaidi ya dola 37,000 kwa kila mkataba ili amwondolee mali yake.

Kwa mwenye kufahamu, khabari hii yatosha. Mali waliyokuwa wakiitaja kwa jina kila siku iligonga mlango siku moja, nao wakafunga mlango. Na tajiri aliyekuwa na tangi tupu, yaani aliyekuwa tayari kushika, ndiye aliyelipwa.

Wala madhara hayabaki kwa wachezaji peke yao. Mwaka 1955 wafanyi biashara wawili katika Marekani walikusanya karibu vitunguu vyote vilivyokuwako Chicago. Kisha wakauza kwa miadi, wakingoja bei ianguke, wakavimwaga vitunguu sokoni. Gunia la ratili 50 lililouzwa dola 2.75 mwezi wa Agosti lilifika senti 10 mwezi wa Machi 1956, hata gunia tupu likawa na thamani kuliko vitunguu vilivyo ndani yake. Wale wawili walitajirika. Wakulima waliovilima walifilisika. Mwaka 1958 Marekani ikatoa sheria ya kuharamisha mauzo ya miadi ya vitunguu. Nchi isiyohukumu kwa Kurani ililazimika kupiga marufuku mlango mmoja, baada ya kuwaona wenye jasho wakilia na wasio na jasho wakicheka.

MAKOSA YA NYUMBANI

Haifai, hata hivyo, kwa mtu wa pwani kuzitazama dhambi za Chicago na kuzisahau za kwao. Ni wangapi wanaonunua mwembe ungali na maua, na Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake? Ni wangapi wanaotoa fedha kwa karafuu za shamba fulani zisizochumwa, wakaiita salam, na salam haiwi juu ya miti iliyotajwa? Na hata masharti yakitimia, tajiri aweza kumwendea mwenye shamba wakati wa njaa, akampa nusu ya thamani, akasema kwamba sharia imemruhusu. Unguja yajua mwisho wa njia hiyo. Madeni ya wenye mashamba yalizidi hata mwaka 1934 serikali ikatoa sheria za kuyazuia mashamba yasiwatoke wenyewe kwa madeni. Mkataba waweza kuwa sahihi kwa sura na ukawa dhulma kwa nia. Na Mwenyezi Mungu hutazama nyoyo pamoja na hati.

KINACHOMPASA MWENYE KUJIFUNZA

Basi kujifunza biashara hii si haramu. Kutojifunza ndiko kunakoleta khatari. Masoko haya yamekaribia: Soko la Hisa la Nairobi lilifungua mauzo ya miadi mwezi wa Julai 2019, nayo ni juu ya hisa na juu ya hesabu ya bei za hisa, ambayo mwisho wake hapana mali ya kupokea bali tofauti ya bei tu. Mkulima wa karafuu, muuza korosho na mnunuzi wa ngano yawapasa wajue bei za dunia zinavyofanywa, ili wasidanganywe na dalali. Kujua bei si kuingia katika mchezo wake.

Na anayetaka kuingia, na ajiulize nafsi yake mambo manne kabla hajatoa shilingi. Fedha imetolewa yote leo, au kilichotolewa ni dhamana tu? Mali yajulikana kwa kipimo, sifa na siku? Atauza kabla hajaipokea, au atangoja aishike? Na fedha anayoitia ni yake, au ni ya mke, ya yatima, ya ada ya mtoto, au amana ya mtu? Kwani alizoea kusema mtu kwamba atairudisha kesho, na kesho huja na deni lililozidi dhamana.

Kisha na ajiulize la tano, nalo ndilo mizani ya yote: mali hii niliyoinunua ikifika mlangoni jioni hii, je, nitafungua? Akiweza kujibu kwamba atafungua, atapokea, atahifadhi na atauza kwa jasho lake, huyo ni mfanyi biashara, na njia za halali ziko mbele yake, salam ikiwa ya kwanza. Akijiona moyoni mwake kwamba anaomba mali isifike, basi hakununua mali. Amenunua khasara ya mtu mwingine, na mtu huyo naye ana nyumba na watoto.

Mwenyezi Mungu awaruzuku Waislamu faida iliyo na dhamana, na awaepushe na mali isiyo na jasho, na awape elimu kabla ya soko. Wabillahi taufiki.